Nilimshauri mjomba anunue dola, sasa naitwa Gavana

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Tanga mjini, Ngamiani barabara ya 12. Nasoma Dar, mwaka wa tatu, shahada ya uchumi. Jina langu naomba unisitirie.

Muhula huu nimechukua kozi ya uchumi wa fedha wa kimataifa. Si ya lazima, niliichagua mwenyewe, na sababu ya kuichagua ndiyo tatizo lenyewe.

Mama yangu ana kaka mmoja tu. Baba alipofariki huyu mjomba ndiye aliyetushika. Anakusanya machungwa Muheza na kuyapeleka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, na kila bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, likichelewa yeye ndiye anayenitumia hela ya kula. Oktoba 2024 nilikuwa nyumbani, nimemaliza mwaka wa kwanza, likizo inaelekea ukingoni. Kichwani bado nina moto wa somo moja tulilofundishwa, kwamba bei zikipanda katika nchi, sarafu yake hushuka mpaka vitu vilingane bei huku na kule. Jioni moja mjomba akaniuliza mbele ya watu: "Mchumi, hii dola itafika wapi?" Siku zile ilikuwa 2,700 na ushei, na tangu Januari ilikuwa inapanda. Nikamwambia itafika 3,000 kabla ya Pasaka. Na sababu nikampa: mchele sokoni Mgandini umepanda, mafuta ya kula yamepanda, kwa hiyo shilingi lazima ishuke. Nilisema "lazima", Shangazi. Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Mjomba hakujibu kitu. Wiki iliyofuata akanunua dola 3,000 kwa 2,730, jumla 8,190,000, akazitia kwenye bahasha ya kaki na kuzifungia kabatini. Mwisho wa Desemba akahitaji hela ya kuwalipa wachumaji na ya kukodi lori. Dola ikawa 2,410. Akauza zote. Shilingi 960,000 zikaenda hivyo.

Tangu hapo jina langu nyumbani ni Gavana, kama yule wa Benki Kuu. Nikiingia tu barazani nasikia, "Gavana kafika, ficheni dola zenu!" Wanacheka wote, na mimi nacheka, halafu naingia ndani nalia. Kozi hii niliichagua nikijiambia kwamba nitaijua dola nje ndani, ili siku moja nimpe mjomba ushauri uliokaa sawa na hela yake irudi.

Sasa kozi yenyewe. Kwizi ya kwanza nimepata 4 kati ya 15. Grafu moja ina mistari mitatu, kila mmoja unahama kwa sababu zake, ukihamisha huu na ule unataka kwenda. Wenzangu wanasema hii ni kozi ya kukuachia sapu, mtihani wa kurudia, na mwaka wa tatu nani anataka sapu? Wanahamia usimamizi wa rasilimali watu, ambayo madesa yake yapo kamili tangu enzi. Mwisho wa kubadilisha kozi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kilichonimaliza kabisa ni mhadhiri. Nilimfuata baada ya kipindi nikamuuliza dola itakuwaje miezi sita ijayo. Akacheka, akasema, "Ningejua, ungenikuta hapa?" Kama yeye hajui, sisi tunasoma nini?

Na juzi mjomba kapiga simu. Ana shilingi za Kenya, anauliza azibadili au azishike. Nilimwambia niko kipindini. Tangu hapo simu zake sipokei.

Niache kozi? Nimlipe mjomba? Nimwambie nini?

Gavana asiye na benki

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeirusha foleni, maana Ijumaa haingoji mtu. Kozi usiiache, mjomba usimlipe, na simu yake pokea. Sasa tukae tuzungumze.

Nianze na huyo mhadhiri uliyemwona kama amekukejeli. Mwaka 1983 wachumi wawili wa Marekani, Richard Meese na Kenneth Rogoff, walizichukua nadharia zilizokuwa zikitamba wakati huo kuhusu bei za sarafu, wakazishindanisha na mtu wa kufikirika ambaye kila akiulizwa bei ya mbeleni hujibu "kama leo". Kuanzia mwezi mmoja mbele hadi miezi kumi na miwili, nadharia hazikumshinda bwana "kama leo". Wasomi wanahangaika na matokeo yale kwa zaidi ya miaka arobaini sasa. Kwa hiyo ulipomwambia mjomba 3,000 kabla ya Pasaka, ulimpa kitu ambacho hata wenye nadharia hawakuwa nacho. Mpiga ramli angalau angemtoza hela ya ubani, akajua anacheza na nini.

Halafu usiisingizie nadharia. Hukuitumia. Ile ya kulinganisha bei, ambayo Mswidi Gustav Cassel aliipa jina la usawa wa nguvu ya ununuzi, inataka masoko mawili. Wewe ulichungulia Mgandini, Marekani hukuchungulia. Mwaka 2024 mfumuko wa bei wa kwetu ulikuwa karibu asilimia 3, na wa Marekani nao karibu asilimia 3. Ziweke hizo kwenye mizani uone nadharia yako inasema nini: dola ibaki karibu pale pale. Tena hiyo ni nadharia ya miaka mingi, haikuumbwa kwa safari ya Oktoba mpaka Pasaka. Katika miezi michache bei ya dola husukumwa na nani anazo wiki hii na nani anazitaka wiki hii. Na Oktoba, mwanangu, ndipo minada ya korosho inapoanza huko Mtwara na Lindi, na watalii wa katikati ya mwaka wameshaacha dola zao. Nchi hii dola huingia zaidi nusu ya pili ya mwaka, na miezi ya mwanzo ndipo hukauka. Sisi tuliokaa dirisha la fedha za kigeni benki tulilijua hilo bila mistari mitatu.

Najua umeshaona kwamba kufika Aprili 2025 dola ilikuwa imerudi juu ya 2,600. Usijipe moyo kwa hilo. Wachumaji walitaka chao Desemba. Ushauri ambao haukuuliza hela itahitajika lini ulikuwa na tundu tangu mwanzo.

Lakini kosa kubwa nadhani hujaliona mpaka leo, kwa sababu barua yako imelipita mbio. Mjomba anauza Mombasa. Analipwa kwa shilingi za Kenya. Wachumaji, lori, ushuru wa huku, hela yako ya kula, vyote analipa kwa shilingi yetu. Maana yake kila siku anayoamka ameshaegemea upande mmoja: shilingi yetu ikishuka anapata, ikipanda anaumia. Wewe ukamwambia anunue dola, yaani ukampakia mzigo mwingine upande ule ule alioegemea! Shilingi ya Kenya tangu katikati ya 2024 ilikuwa imetulia karibu na 129 kwa dola, hivyo ya kwetu ilipoipandia dola iliipandia na hiyo pia. Piga hesabu ya lori linalolipwa shilingi 150,000 za Kenya. Oktoba, kwa 20.8, linampa 3,120,000. Mwisho wa Desemba, kwa 18.6, linampa 2,790,000. Hizo ni 330,000 zimepotea kwa lori moja, mbali na zile za kabatini. Barazani wanacheka bahasha ya kaki tu. Mwenyewe anajua kilichompata.

Angekuwa mtu wa mitumba, anayeagiza marobota kutoka nje na deni lake ni la dola, ungemwambia aweke dola kidogo na usingekuwa umekosea hata kama bei ingeshuka. Kwa hiyo mtu akikuuliza dola itafika wapi, muulize yeye kwanza: unapata sarafu gani, unalipa sarafu gani, na lini. Hiyo kozi unayotaka kuikimbia kazi yake ni hiyo.

Sasa lichukue fuso la mjomba kama daftari lako. Linavuka Horohoro na machungwa. Machungwa yametoka nchini, hayo ni mauzo ya nje, yaandike upande wa mapato wa urari wa malipo, yaani daftari la nchi la yote inayopeana na nje. Na malipo yake? Ni noti za Kenya mfukoni mwa mjomba. Noti ni deni la benki kuu iliyoitoa, kwa hiyo sasa mjomba anawadai Wakenya. Andika upande wa pili: mali zetu za nje zimeongezeka. Pande mbili zinalingana senti kwa senti. Na tazama jambo jingine hapo. Kila siku anayokaa na noti zile kabatini anawakopesha Wakenya bila riba. Siku akizibadili pale mpakani, mbadilisha fedha ndiye anayewadai Wakenya badala yake. Kama 11 ulizokosa kwenye kwizi zilikuwa za urari, hilo fuso lingekupa nyingi.

Mistari mitatu ni ya wachumi Mundell na Fleming, ya miaka ya 1960: mmoja wa soko la bidhaa, mmoja wa soko la pesa, wa tatu wa pesa inayoingia na kutoka nchini. Usikariri unavyohama. Chini ya kila mstari andika kwa Kiswahili nani kafanya nini na hela yake. Aprili 2024 Benki Kuu yetu iliipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Nani akiisikia hiyo anaona bora akae na shilingi? Nani anaahirisha kukopa? Ukishaandika ndipo ushike rula. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, sawa, lakini kuelewa ni kwa lugha unayoota nayo.

Na Robert Mundell huyo, aliyepewa Nobel 1999, ndiye mwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo lenu, maana mimi nililiishi kabla ya kulisoma. Chungu hukaa kwa mafiga matatu. Nchi kwenye fedha hupewa mawili tu. Yako hivi: bei ya sarafu isiyotikisika, pesa kuingia na kutoka bila kuulizwa, na riba unayojipangia mwenyewe. Chagua mawili, la tatu umelikosa. Enzi za ukoloni tulikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919. Shilingi 20 kwa pauni, haiyumbi, na pesa inakwenda London na kurudi. Riba yetu basi ikawa mambo ya London. Mwaka 1966 tukapata Benki Kuu yetu na shilingi yetu. Tukataka bei tuishike na riba tuipange wenyewe, kwa hiyo mlango wa pesa ukafungwa.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilianza 1981, dirisha la fedha za kigeni, benki moja hapa hapa Tanga. Anakuja mama na barua ya daktari, mtoto anapelekwa kutibiwa nje, anaomba pauni. Fomu inakwenda Dar, inarudi baada ya majuma, imekatwa nusu. Ukutani nyuma yangu kuna ubao wa bei ya dola. Nje, hatua mia kutoka ubaoni, dola ina bei nyingine, mara kadhaa ya ile. Na mkonge unapita bandarini kwetu, mwenye kuuuza analipwa shilingi kwa bei ya ubaoni. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 40,000. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba ni ubao wangu uliofanya hayo, kamba za nailoni na utaifishaji navyo vina fungu lao. Lakini ubao nao ulikula. Mwaka 1986 serikali ilipoelewana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola ikatolewa kama 17 ikafikishwa 40 ndani ya miezi michache. Chaki niliishika mimi. 1992 sheria mpya ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na muda si mrefu bei ikaachiwa soko. Tukaliacha figa la bei isiyotikisika.

Ndiyo maana mjomba wako ameweza kununua dola 3,000 bila barua ya mtu yeyote, na ndiyo maana ameweza kupoteza 960,000. Nilipokuwa dirishani mimi asingezipata hata za kupoteza.

Usimamizi wa rasilimali watu sina ugomvi nao. Ila 4 kati ya 15 kwenye kwizi ya kwanza haijawahi kumfukuzisha mtu chuo. Kabla ya Ijumaa nenda kwa yule mhadhiri na lile fuso limeandikwa kwenye karatasi, pande zote mbili, umuulize ulipokosea. Usimuulize tena bei.

Sasa mjomba. Usimlipe, kwanza kwa sababu huna, na ungekuwa nazo zingekuwa za bumu au zake mwenyewe alizokutumia. Pili, ni mtu mzima. Alisikia utabiri wa mtoto wa mwaka wa kwanza, akakaa nao wiki nzima, akaamua. Hela hakudai. Anachokudai ni neno, na amekuwa akilidai kwa utani muda wote huu, kama tunavyodai watu wa huku kwetu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema umemwomba radhi. Sikupaona.

Basi leo mpigie simu, mwambie unakuja. Jumamosi panda gari uje Tanga. Barazani usimfuate, wale wacheshi watakuharibia. Mngoje baada ya alasiri akiwa amekaa peke yake, mama awe jirani lakini asikusemee. Toa shikamoo yako, kaa chini, umwambie, "Mjomba, nilikuambia lazima, na sikuwa najua. Nisamehe." Hilo neno "lazima" litaje, ndilo lililofungua kabati. Korosho na Meese waache Dar.

Akishakusamehe, na atakusamehe, ndipo utoe daftari muangalie hizo shilingi za Kenya. Deni lote la huku kwetu linaloiva mwezi huu, abadili kiasi hicho sasa, hata kama bei haimpendezi. Za dalali na matumizi ya soko la Kongowea, Mombasa, zikae kama zilivyo, azilipie huko huko, akizigeuza mara mbili atawanufaisha wabadilisha fedha tu. Zikibaki nyingine, abadili kidogo kidogo kila lori linaporudi, asikae kungoja siku nzuri. Akikuuliza zitapanda au zitashuka, mjibu "kama leo", na umwambie jibu hilo lina watetezi wake Marekani.

Nadhani atakuita Gavana tena kabla chai haijapoa. Itika.

Shangazi